Namna ya kuunda neno jipya la Kiswahili na kulifikisha midomoni mwa watu

Miaka kadhaa iliyopita nilitafsiri kijitabu cha maelekezo ya kifaa cha umeme. Kila penye chaja nikaandika kijazio. Neno lilinipendeza: kujaza, kujazia, kijazio, Kiswahili kitupu. Kijitabu kikachapwa. Haukupita muda, msomaji mmoja akapiga simu kuuliza, "Hiki kijazio ndicho kipi? Cha kujazia maji?" Chaja alikuwa nayo mkononi, na jina lake alilijua tangu zamani. Mimi ndiye niliyempotezea kitu alichokuwa nacho.

Kazi ya kuunda maneno sikuiacha, kwa kuwa mapengo yapo na kila mwaka yanaongezeka. Ila sasa nina utaratibu, na ninauandika hapa kwa ajili ya mtafsiri, mwalimu wa sayansi, mwandishi wa habari, mtengenezaji wa programu, au yeyote aliyewahi kukwama katikati ya sentensi kwa kukosa neno.

1. Hakikisha pengo lipo kweli

Anza kwa masikio. Nenda kwa watu wanaokishika hicho kitu kila siku, lakini usiwaulize "kwa Kiswahili kinaitwaje?" Ukiuliza hivyo watakupa jibu la darasani, au watanyamaza kwa kuogopa kukosea. Kaa nao wakiwa kazini usikilize wanavyoagizana: "nipe ile…", "bonyeza hapo kwenye…", "kimegoma tena hiki…". Andika kila neno linalowatoka, hata lile unalolidharau.

Ukikuta neno limekwisha kukaa, liache likae, hata kama ni la kukopa. Meza tuliichukua kwa Wareno, kitabu kwa Waarabu, shule na hela kwa Wajerumani. Hakuna anayeyahesabu leo kuwa mageni. Chaja imo katika kundi hilo, na mimi nilikuwa nagombana nayo bila sababu.

Pengo la kweli hujionyesha. Pengine watu wanaeleza kitu kwa sentensi nzima badala ya kukitaja. Pengine kila mmoja ana neno lake, na wawili wakikutana hawaelewani. Au neno lipo, lakini linabeba harufu isiyotakiwa. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Tazama akili bandia, yaani uwezo wa mashine kufanya kazi za akili: bandia ni neno la noti bandia na dawa bandia, kitu cha kudanganyia. Mtu anayeandika kuhusu mashine inayosaidia kusoma picha za eksirei hataki msomaji ashtuke kwa neno hilo. Ndipo yakaja akili unde na akili mnemba, na mpaka sasa yote matatu yanashindana.

2. Pekua ghala

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayotoa maneno bora. Kabla ya kuunda, tafuta neno lililolala.

Mwaka 2020 dunia nzima ilihitaji jina la kitambaa cha kuziba pua na mdomo. Waswahili hawakulazimika kubuni chochote. Barakoa lilikuwapo, jina la vazi la kufunika uso walilovaa wanawake wa pwani, na kwa muda mfupi likaenea hadi kwa watu ambao hawajawahi kuliona vazi lenyewe. Lilikuwa na silabi nne nyepesi, halikuwa na kazi nyingine kubwa mjini, na umbo la kitu cha kale lilifanana na la kitu kipya. Ukipata neno lenye sifa hizo, usiende mbali zaidi.

Mifano ni mingi kuliko tunavyodhani. Kuvinjari lilikuwa neno la kuzungukazunguka, la chombo kinachofanya doria baharini. Leo tunavinjari mtandaoni, na programu ya kufanyia hivyo ni kivinjari. Kudukua ni kusikiliza maneno ya watu kwa siri. Sasa mdukuzi ni yule anayeingia kwenye kompyuta ya mwenzake bila ruhusa, na tabia ni ileile. Rubani aliongoza chombo majini kabla hajapanda angani. Nahodha naye ametoka kwenye jahazi akaingia kwenye uwanja wa mpira. Ninaloliona zuri kuliko yote ni pakua. Mwenye jikoni anapakua chakula kutoka chunguni, mchukuzi anapakua mzigo kutoka chomboni, nasi tunapakua faili. Kinyume chake, pakia, kilikuwa tayari kinasubiri. Yaani vitenzi viwili vya bandarini vilikuja pamoja kama mapacha, na hakuna aliyehitaji kufundishwa kipi ni kipi.

Watu wa Iceland wamefanya hivyo kwa juhudi kubwa. Simu wanaiita sími, neno la kale lililomaanisha uzi, ambalo lilikuwa limekwisha kusahaulika walipolifufua.

Pa kupekua ni hapa: kamusi za zamani, lahaja, hasa Kimvita, Kiamu, Kipemba na nyinginezo ambazo Kiswahili sanifu hakikuzichota vya kutosha, midomo ya mabaharia, wajenzi, wahunzi na wasusi, na lugha ndugu za Kibantu. Ikulu ilitoka kwa Wanyamwezi na Wasukuma, kwao ikiwa makao ya mtemi, na leo ni makao ya rais. Neno la lugha ndugu huingia bila kubisha hodi kwa sababu sauti na silabi zake ni zetu.

Jihadhari na jambo moja. Neno la kale lisiwe bado linafanya kazi jirani kabisa na maana mpya. Chungu na faili havikutani katika sentensi moja, kwa hiyo pakua halimchanganyi mtu. Lakini ukichukua neno la ugonjwa mmoja ukalipa ugonjwa mwingine, utaleta maafa.

3. Andika maana kabla ya jina

Sentensi moja inatosha: ni kitu gani, kinafanya nini, kinatofautianaje na jirani yake. Kisha chagua sifa moja tu ya kukipa jina. Wengi hutaka jina libebe maelezo yote, wakaishia na "kifaa cha kielektroniki cha kuhifadhia…". Ndege haisemi lolote kuhusu injini wala abiria. Inataja kuruka basi, na inatosha.

4. Chagua njia ya kuunda

Kunyambua ndiyo njia yenye nguvu kuliko zote katika Kiswahili, na ningeomba kila mtu aanzie hapo. Chukua kitenzi, kipe kiambishi cha ngeli na mwisho unaofaa. Kokotoa ikazaa kikokotoo. Ng'amua ikazaa king'amuzi, simbua ikazaa kisimbuzi. Msikilizaji akisikia ki- mbele na -zi au -o nyuma, anajua tayari kwamba ni chombo cha kufanyia jambo fulani, na akikijua kitenzi amemaliza. Kama kitenzi chenyewe hakijulikani, hapo huna faida yoyote. Umempa kitendawili juu ya kitendawili.

Kuunganisha maneno mawili hufanya kazi vizuri kwenye sayansi. Usanisinuru, yaani mimea kujitengenezea chakula kwa mwanga, ni usanisi (kuunganisha vitu kupata kitu kipya) na nuru. Mwanafunzi aliyefundishwa usanisi anaweza kulifungua mwenyewe. Nje ya darasa maneno ya namna hii huonekana marefu.

Kuhulutisha, yaani kukata vipande vya maneno na kuvishona, kumetupa chajio kutoka chakula cha jioni, na kipakatalishi, kompyuta ya kupakata, ambamo kupakata kumeshonwa na mkia wa tarakilishi, jina jingine la kompyuta. Hapa nasema wazi: sipendi njia hii itumike ovyo. Mshono ukiwa hauonekani, msikilizaji hana pa kushika, na neno linabaki la kukariri kwa ajili ya mtihani.

Kufupisha kwa herufi za mwanzo kuna mfano mmoja ambao kila mwundaji wa maneno anapaswa kuuchunguza kwa makini. UKIMWI ni Upungufu wa Kinga Mwilini. Walioliunda hawakuokota herufi za kwanza tu. Walichukua vipande vinavyotamkika, neno likaanza na U, likaingia moja kwa moja kwenye ngeli inayobeba majina mengi ya hali na magonjwa: ukoma, upele, ukurutu. Tunasema UKIMWI unaambukizwa, UKIMWI umepungua, na hakuna anayesita kuhusu upatanisho. UVIKO-19 ulifuata njia hiyohiyo.

Mwisho ni kutohoa, kukopa kwa kulipa neno mavazi yetu. Si aibu, mradi ulivishe sawasawa. Funga silabi kwa irabu, punguza konsonanti zilizorundikana, kisha liangalie ngeli. Majina mengi ya kukopa huingia bila kiambishi, umoja na wingi sawa: benki hii, benki hizi. Ila lugha ina akili yake. Kitabu lilipokuja na ki- yake, Waswahili wakaona ni kiambishi, wakasema vitabu. Madigadi (mudguard ya Kiingereza) lilipokuja na ma-, wakadhani ni wingi, wakapata digadi moja. Vitenzi vya kukopa huishia na i, u au e, kama sajili, faulu na samehe, na hunyambulika vizuri: sajiliwa, sajilisha. Ndiyo maana kuposti kulipita bila taabu.

5. Mfano kutoka mezani kwangu

Tuchukue kile kitendo cha kupitisha kidole kwenye kioo cha simu ili ukurasa upande au ushuke. Nilihitaji kitenzi chake kwenye maelekezo ya programu moja. Masikioni nilikuwa na kuskroli, lakini waliolitumia walilitamka kila mtu kivyake, wengine wakiongeza irabu (kusikroli), na wazee niliowasomea hawakulielewa kabisa. Wengine walisema kushusha, wengine kusogeza, wengine "peleka chini". Pengo lilikuwapo.

Ghalani nikakuta manne. Kuburuza kulikuwa tayari kunatumika kwa kuvuta kitu kutoka hapa hadi pale kwenye skrini, nikakuacha. Kupapasa kunasema habari za kidole, hakusemi kinachotokea kwa ukurasa. Kutembeza kulielekea vizuri, lakini ukurasa unaotembezwa unaweza kwenda upande wowote. La nne lilikuwa kukunjua. Mkeka uliokunjwa ukiukunjua, sehemu iliyojificha inajitokeza kidogo kidogo, na hakuna kinachoongezwa wala kupunguzwa. Ukurasa mrefu wa simu ni mkeka wa namna hiyo.

Nikaliandika kwenye sentensi kumi za kawaida, si za kamusi. "Kunjua hadi chini uone kitufe cha kijani." "Nimekunjua mpaka mwisho, sijaona jina langu." "Amekaa usiku kucha anakunjua tu." Hii ya tatu ilinitia moyo, kwa sababu kitenzi kilisimama bila kutajiwa ukurasa. Kisha nikalinyambua: ukurasa umekunjuliwa, nikunjulie nione, mkunjuo mmoja wa kidole. Yote yalikaa.

Kasoro ilijitokeza kwenye "kunjua simu". Zipo simu zinazokunjwa katikati, na kwa mwenye simu hiyo agizo lina maana nyingine kabisa. Nikaweka kanuni: kinachokunjuliwa ni ukurasa au orodha, kamwe si simu. Neno lenye kasoro moja unayoijua na kuizingira ni afadhali kuliko neno ambalo hujalijaribu.

6. Lijaribu midomoni

Jaribio langu la kwanza ni la sauti. Lisome neno ndani ya sentensi kwa mtu asiyejua unachofanya, bila maelezo, kisha mwombe atende au aeleze alichoelewa. Ukijikuta unaanza "maana yake ni kwamba…", neno limeshindwa, au sentensi imeshindwa. Jaribu kwa mtoto na kwa mzee. Jaribu kwa mtu wa pwani na wa bara, maana neno lisilo na ubaya sehemu moja laweza kuwa tusi sehemu nyingine, na hili hutaligundua kwenye kamusi.

La pili ni la siku mbili. Mrudie mtu yuleyule baada ya siku mbili, muulize kile kitu ulichomwonyesha kinaitwaje. Asipokumbuka, tazama alichosema badala yake. Mara nyingi alichokibuni yeye kwa kukosea ni bora kuliko ulichokibuni wewe kwa kufikiri, nami nimewahi kutupa neno langu nikachukua la msikilizaji.

La tatu ni la ngeli: umoja, wingi, kivumishi, kitenzi. Hiki kizuri kimevunjika, hivi vizuri vimevunjika. Ukisita popote, watumiaji nao watasita, na wakisita watarudi kwenye neno la kigeni.

7. Litoe kwa wakati

Hapa ndipo maneno mengi mazuri yanapofia. Neno linatakiwa kufika pamoja na kitu, au kukitangulia.

Mwaka 1955 kampuni ya IBM ilikuwa inajiandaa kuuza kompyuta zake Ufaransa. Ikamwandikia mwanazuoni wa Kilatini, Jacques Perret, imtake ushauri wa jina. Aprili mwaka huohuo akapendekeza ordinateur, neno la kale lenye maana ya mwenye kupanga mambo. Mashine zilipofika, jina lilikuwa mlangoni, na Wafaransa wanalitumia hadi leo. Sisi tuliposikia tarakilishi, kompyuta ilikuwa imekwisha kukaa ofisini na shuleni. Tarakilishi si neno baya, na wapo wanaolitumia kwa fahari, hasa kwenye vitabu vya shule nchini Kenya. Ila lililazimika kumng'oa aliyekwisha kuota mizizi.

Kishikwambi, yaani tableti, kilipata bahati tofauti. Makarani wa Sensa ya Watu na Makazi ya Tanzania ya mwaka 2022 walihesabu watu kwa vishikwambi, na neno likatajwa redioni na kwenye televisheni kwa miezi. Kaya nyingi zilikiona kifaa mkononi mwa karani. King'amuzi nacho kiliingia majumbani pamoja na matangazo ya dijitali. Wewe huna sensa, lakini una kanuni ileile: neno lisikike siku ambayo kitu kinaonekana.

Kwenye maandishi, usilitangaze neno. Litumie. Mara ya kwanza lifuatishe na maelezo mafupi ndani ya sentensi hiyohiyo: "kunjua ukurasa, yaani pitisha kidole kutoka chini kwenda juu." Mara ya pili litaje peke yake. Usilizungushie alama za kunukuu, kwani alama hizo zinamwambia msomaji kwamba hata wewe hujaliamini. Na usibadilishe. Mwandishi anayeandika akili unde kwenye aya ya kwanza na akili mnemba kwenye ya tatu, kwa kuogopa kurudia neno, anayaumiza yote mawili.

Watafute wanaolihitaji kabla ya wanaolisifu. Wahariri wa habari, watangazaji, walimu wa somo husika, wanaotafsiri programu za simu: mmoja wao akilitumia kila siku, amekufanyia zaidi ya wataalamu kumi waliolipigia makofi ukumbini. Mubashara, kwa matangazo yanayorushwa papo hapo, lilienea kwa watangazaji kulirudia jioni baada ya jioni.

Mabaraza nayo yana kazi yake. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na Zanzibar ipo BAKIZA. Usanifishaji wa istilahi ni sehemu ya kazi yao. Ukipeleka pendekezo, usipeleke neno tupu. Peleka neno na ngeli yake, maana kwa sentensi moja, asili yake, minyambuliko, maneno mengine yanayoshindana nalo, na mifano ya matumizi halisi kutoka kwa watu wengine. Hiyo mifano ndiyo yenye uzito, kwa sababu baraza linaweza kulipa neno cheti lakini haliwezi kulitamka kwa niaba ya watu.

8. Kubali kushindwa, na ujue kushinda kunafananaje

Eliezer Ben-Yehuda, aliyeaga dunia mwaka 1922, aliifanyia lugha ya Kiebrania kazi ambayo wachache wamewahi kuifanya kwa lugha yoyote. Neno la kamusi, milon, aliliunda yeye kutokana na mila, yaani neno, na kila Mwisraeli analitumia. Lakini nyanya aliipa jina badura, na watu wakachagua agvaniya.  Kama yeye alishindwa hivyo, basi nasi tukishindwa tusilikasirikie soko. Neno likikaa miaka miwili bila mtu mwingine kulitumia, liondoe kwenye maandishi yako, weka lililoshinda, nenda kwenye pengo jingine. Kijazio nilikifuta kwenye toleo lililofuata.

Kukunjua bado kuko safarini. Nimekutumia kwenye programu ile bila kukubadilisha. Miezi michache baadaye nikapitia ujumbe wa watumiaji walioleta malalamiko, na mmoja alikuwa ameandika: "Orodha ya majina haikunjuki, imeganda." Haikunjuki sikuiandika popote. Aliinyambua mwenyewe, kwa haraka, akiwa na hasira ya simu iliyogoma.